Kabati la Chiriku

Jumatatu, 2 Machi

Mtoto ameingia jana saa kumi jioni, akiwa na begi moja, boksi moja na mdomo uliofungwa. Naandika kwa sababu miaka ishirini na mbili ya kutunza stoo ya vifaa vya ujenzi imenifundisha kitu kimoja: kisichoandikwa hakijaingia. Daftari hili ni la mali iliyoharibika, kurasa zake nyingi ziko tupu, na Tajiri, mwenye stoo, hawezi kulikumbuka. Nitaandikia hapa hapa kaunta, mchana, watu wakienda kula.

Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu wa kike. Ana miaka sita, wa saba anautimiza mwezi ujao. Mama yake alimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haishi kuongea. Chiriku gani huyu! Toka jana nimepata maneno matatu: shikamoo, ndiyo, hapana.

Aliyemleta ni mama mwenye nyumba wa kule walikokuwa wamepanga. Hakukaa, mvua ilikuwa imetanda. Aliniambia kwa kifupi kwamba boksi lina magauni kumi na mawili. Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na alipojua kwamba haponi alianza kumshonea mwanawe magauni ya miaka ya mbele: matatu ya miaka saba, matatu ya minane, matatu ya tisa, matatu ya kumi. Kila moja lina karatasi yenye namba, imebanwa kwa pini. "Alishona akiwa ameegemea mito," akasema. "Mkono ukitetemeka anapumzika, ukitulia anaendelea. Alipofika kumi mikono ikakataa." Kisha akaniangalia, na macho yake yalikuwa yanauliza wewe ulikuwa wapi.

Nilikuwa hapa. Alipopata mimba na mwanamume akaingia mitini, nilimwambia amejitakia. Nilimwambia pia kwamba mkono wake uko wazi mno, kwamba hajui kuweka akiba, kwamba kesho yake itamkuta hana hata kitambaa cha kujifutia machozi. Maji yakimwagika hayazoleki. Alipougua nilituma hela, miguu sikuituma. Nilifika siku ya mazishi.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Asubuhi amekula mayai mawili akaniangalia. Nikamuuliza umeshiba? Neno la nne: "Bado."

Ijumaa, 6 Machi

Chumba cha pili nilikuwa nakitumia kuwekea makorokoro. Nimeyatoa. Kitanda kipo, chandarua kipo. Tatizo ni nguo. Zikikaa kwenye boksi sakafuni msimu huu zitaota ukungu, na hizi si nguo ambazo mtu anaweza kwenda kununua nyingine.

Nimeongea na seremala wa nyuma ya stoo. Akakuna kidevu, akataja bei. Nikamwambia bwana, nataka kabati la mtoto, si la bwana harusi. Alicheka sana, bei ikabaki pale pale.

Basi nitatengeneza mwenyewe. Vigae vinakuja kwenye makreti ya mbao na Tajiri huwa anayachoma. Nimemwomba. "Chukua," akasema, "ila usije ukaniletea risiti ya misumari."

Jumatatu, 9 Machi

Jana kutwa nzima nilikuwa na nyundo mkononi. Chini nimeweka kreti moja la viatu na begi la shule. Juu yake nafasi ya kutundikia, na fimbo ya kutundikia ni kipande cha bomba la maji, la nusu inchi. Nimekifunga usawa wa kichwa chake ili achukue nguo yake mwenyewe bila kumwita mtu. Juu ya bomba kuna rafu nne, ya kwanza inanifika begani, ya mwisho mpaka nipande kigoda. Mlango hakuna. Nimekata shuka kuukuu, nikapitisha kamba, likawa pazia. Makopo matatu ya maziwa ni ya soksi, chupi na riboni. Kabati lote limesimama juu ya matofali ili unyevu usipande, na nyuma nimeacha vidole viwili toka ukutani hewa ipite. Rangi ni kopo lililorudishwa: mteja alitaka kijani, akapewa kitu ambacho mpaka leo hakijaamua kama ni kijani au ni kijivu.

Chiriku alinishikia misumari. Nikinyoosha mkono, ananipa mmoja, wala sijasema. Miaka yote hapa stoo sijapata mtu wa kunipa kitu kabla sijakiomba.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Pacha, akachungulia dirishani. "Kaka, nyundo toka alfajiri! Mvua hizi zimekutisha, unajenga safina?" Nikamwambia ana watoto wawili wa kuwaangalia, awaangalie hao. Mwanamke yule mdomo wake hauna breki.

Jumamosi, 14 Machi

Rangi imekauka, na leo asubuhi kabla ya kuja kazini nimepanga. Najisifu kidogo, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Magauni nimeyakunja yote kwa upana mmoja, nikayapa rafu kwa mpangilio wa stoo: cha kutumika kwanza kinakaa karibu, cha kutumika mwisho kinakaa mbali. Kwenye ukingo wa kila rafu nimebandika utepe mweupe na kuandika kwa kalamu ya maka, kwa herufi kubwa: MIAKA 7. MIAKA 8. MIAKA 9. MIAKA 10. Mtu akiingia, hata awe mgeni, hawezi kukosea.

Kwenye bomba nimetundika sare ya shule na nguo alizokuja nazo, pamoja na lile gauni la njano la miaka sita ambalo mama yake alimshonea akiwa bado mzima. Limeshampanda juu ya magoti.

Chiriku alisimama mbele ya kabati muda mrefu. Akasoma namba moja moja kwa kidole. Halafu akaniuliza, "Mjomba, kumi na moja iko wapi?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja. "Hiyo hatuna. Zinaishia kumi."

"Haziji tena?"

"Haziji tena."

Akaitikia kwa kichwa. Mtoto anaelewa mambo haraka, sikulazimika kurudia.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Amebakiza wali.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Amebakiza tena. Labda chumvi imezidi.

Jumatatu, 23 Machi

Akitoka shule anavaa lile lile la njano. Likifuliwa anakaa na taulo akisubiri likauke, na kwa mvua hizi nguo inachukua siku mbili. Jana nililipiga pasi likiwa na maji nusu, mvuke ukajaa chumba kizima. Nikamwambia mbona una nguo nyingine? Akalivaa likiwa bado la moto.

Anakula kama ndege. Kipande cha mkate, chai, basi. Namshuku Mama Pacha, anamwita kila saa, "Chiriku, njoo ucheze na wanangu." Huko bila shaka anapewa pipi, akirudi hana njaa. Nimemwambia mama huyo amwache mtoto ale nyumbani kwao. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Kaka, kwangu hagusi kitu. Nilidhani unamshibisha wewe."

Sikumwamini.

Jumanne, 31 Machi

Mwalimu wa darasa amenipigia simu. Chakula ninachomfungia anawagawia wenzake. Wanapanga foleni.

Nilimgombeza. Nilisema watu wanalala njaa, nilisema hela haiokotwi, nilisema yote ambayo baba yangu alikuwa akituambia. Alisimama mikono nyuma, akisikiliza kwa adabu zote. Nilipomaliza akasema, "Samahani, mjomba," na sahani ikabaki imejaa.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Vijiko vitano. Nimevihesabu.

Jumatano, 8 Aprili

Zahanati. Nesi alimpandisha kwenye mizani, akaangalia kadi yake ya zamani, akampandisha tena. Kilo zimeshuka. Damu ni safi, tumbo ni zima. "Ni msiba," nesi akaniambia. "Mpe muda, na umwoneshe upendo." Nikamuuliza upendo unaoneshwaje. Si kwa ubishi, nilitaka kweli kujua. Akafikiri nina dharau, akaita mgonjwa mwingine.

Nilimbeba mgongoni kurudi, madimbwi yalikuwa yamefunika njia. Sikuhisi uzito wowote, nikaogopa.

Jumatatu, 20 Aprili

Jana ametimiza miaka saba.

Nilikuwa nimejiandaa. Niliteremsha gauni moja toka rafu ya kwanza, la bluu lenye vifungo vyeupe, nikalipiga pasi, nikalitundika kwenye bomba mahali pa lile la njano ili alikute akiamka. La njano nililiweka kwenye beseni. Nikachemsha mayai, nikanunua keki ndogo. Nilijiambia leo patachangamka.

Alipovuta pazia akapiga ukelele ambao sikujua kama unaweza kutoka kwenye kifua kidogo namna ile. "Lirudishe! Mjomba, lirudishe! Bado halijafika!" Akalitoa la njano kwenye beseni, likiwa linachuruzika maji, akalivaa hivyo hivyo. Nilijaribu kumvua, akaniuma mkono. Mama Pacha akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nikapiga kelele hakuna kitu.

La bluu nimelirudisha rafuni, keki haikuguswa. Nilikaa mlangoni nikitazama mvua, nikasema kwa sauti, mdogo wangu, umenipa kazi ambayo siiwezi. Nilisema hivyo, na niliposema nilikuwa nimemkasirikia. Niandike ukweli.

Jumanne, 21 Aprili

Maji ya chai tu.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimeikimbia kazi, daftari likiwa kwapani. Naandika kwenye benchi la zahanati.

Mwalimu alipiga simu saa tatu. Chiriku ameanguka mstarini. Nilikimbia na mvua, stoo niliiacha wazi, Tajiri ataniita. Nilipofika zahanati nikamkuta amelazwa, ana dripu, na kichwa chake kiko mapajani kwa Mama Pacha. Wanawe wanasoma shule hiyo hiyo, walimkimbilia mama yao kabla hata mwalimu hajanipata kwenye simu. Yeye ndiye aliyembeba mpaka hapa. Sketi yake ilikuwa matope mpaka kiunoni.

Nesi alisema mtoto anahitaji nguo kavu. "Wewe kaa naye," Mama Pacha akasema. "Nipe ufunguo." Nikampa. Mlango wangu haujawahi kufunguliwa na mtu mwingine.

Alirudi na sweta na blanketi, tukamvalisha, akalala. Kisha akanivuta korido. Nilidhani ataanza maneno yake. Alisema kwa sauti ya chini.

"Kaka, kabla hujafika nilimuuliza, mwanangu, mbona huli? Akaniambia, nikila nitakua. Nikamwambia sasa kukua si ndiyo vizuri? Akasema, nikikua zitaisha. Sikujua anasema nini, nikafikiri ni homa. Sasa nimeingia chumbani kwake nimeliona kabati."

"Lina nini kabati?"

"Umesoma ulichoandika?"

"Nimeandika saizi za nguo!"

"Umemwandikia mtoto mwisho wa mama yake. Namba kwa namba, kwa herufi kubwa, juu ya kichwa chake. Kila akiamka anaona zimebaki ngapi. Akitoka sita anaingia saba, saba inapungua, nane, tisa, kumi, halafu mama hayupo tena. Sasa amekataa kutoka sita. Wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia nilimpangia tu, nilimpangia kadiri ninavyojua.

"Najua, kaka. Umepanga vizuri mno."

Nikakumbuka nilivyomjibu. Hiyo hatuna. Haziji tena. Kama mtu aliyekuja kuulizia bawaba. Nililia hapo korido, mtu mzima na mvi zangu, mbele ya mwanamke niliyemwandika humu kwamba hana breki. Alinishika bega mpaka nikamaliza.

Jumamosi, 25 Aprili

Amerudi nyumbani. Tepe zote nilizibandua kabla hajafika, nikasugua gundi kwa mafuta ya taa. Akaingia, akavuta pazia, akaangalia. Akaonesha kwa kidole. "Ile ni saba. Ile ni nane." Bila shaka. Ana akili, na anakumbuka.

Nikapiga magoti nikamwambia nitamtafuta fundi ashone ya kumi na moja na ya kumi na mbili na mpaka ya harusi.

"Huyo si mama," akasema.

Amekunywa uji nusu kikombe kwa sababu Mama Pacha alikaa pale na kumwambia hatoki mpaka kikombe kishuke.

Jumatatu, 27 Aprili

Leo nilifanya jambo ambalo sijivunii. Chiriku akiwa bado kitandani, kwa uangalizi wa Mama Pacha, nilichukua lile gauni la njano nikalipeleka kwa fundi cherehani wa pale kona. Ni binti mdogo, redio yake inaunguruma toka asubuhi, pini zimejaa mdomoni, na kwa miaka miwili nimekuwa nikipita pale nimenuna. Nilikuwa na mpango. Nilitaka aige mkono wa mdogo wangu: mshono ule ule, vifungo vile vile, ashone magauni ya umri mkubwa, nami niyachomeke rafuni nyuma ya mengine. Siku moja ningemwambia mtoto, kumbe yalikuwepo, hatukuyaona.

Nilimweleza kila kitu. Alipunguza redio.

"Mzee wangu, unataka nimdanganye mtoto kwa sindano yangu?"

"Nataka ale."

Akatema pini kiganjani, akaligeuza gauni ndani nje. Kwanza alikuwa anaangalia tu, kama anayetafuta kasoro. Kisha akalisogeza karibu na macho. Akapima upindo wa chini kwa vidole vyake. Akapima ubavuni. Akasogea mlangoni kwenye mwanga.

"Nani kashona hii?"

"Mama yake."

"Alikuwa na kitambaa kingi?"

"Alikuwa hana kitu."

"Basi njoo uone." Akanishika mkono, akaniwekea vidole juu ya upindo. "Fundi wa kawaida anaacha kidole kimoja, akibana anaacha nusu. Huyu ameacha vidole vinne chini, na huku mbavuni viwili kila upande. Kitambaa chote hiki kimelala ndani. Sasa angalia mshono. Hapa mabegani kapiga mashine, imara, hakung'oki. Hapa chini kashona kwa mkono, hatua ndefu ndefu. Huu si mshono wa kudumu. Huu umewekwa ufunguliwe."

Nikaupima tena mwenyewe.

"Hili si gauni la miaka sita," akasema. "Ni la sita likianza."

Nilirudi nyumbani mbio mbio, sikupita hata stoo. Nikateremsha yote kumi na mawili, nikayageuza moja moja juu ya meza. Ya saba, vidole vinne. Ya nane, vinne. Ya tisa, vitano. Na yale ya kumi, yale aliyoyashona mkono ukiwa unakataa, upindo wake unameza kiganja changu kizima. Mishono imepinda, mingine imerudiwa mara mbili. Lakini nguo imo mle ndani, imekunjwa, inasubiri.

Nimeyakunja magauni haya mara ngapi kwa mikono yangu? Niliyahesabu, nikayapa rafu, sikuyashika. Na huyu ndiye niliyemwambia hajui kuweka akiba. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa mjinga, na hukuwahi kunijibu hata siku moja.

Jumatano, 29 Aprili

Jana jioni tulikwenda kwa fundi, watatu: mimi, Chiriku na Mama Pacha aliyesema hakosi hata kama mbingu zinaanguka. Karibu zianguke kweli, tulifika tumelowa.

Fundi alimketisha Chiriku juu ya meza ya kukatia. Hakumbembeleza. Alimwonesha lile la njano, akampa kitu kidogo cha kufumulia nyuzi. "Mama yako alikuwa fundi. Leta mkono. Hapa unachoma, hapa unavuta. Taratibu, usichane." Chiriku alivuta uzi wa kwanza, ulimi ukiwa nje. Ukatoka wa pili. Upindo ukaanguka, na chini ya ile njano iliyopauka kwa jua na sabuni kukatokea mkanda wa njano mbichi, inayong'aa, kama siku ilipotoka dukani.

Aliushika. Akaupitisha kidole kutoka mwisho hadi mwisho.

"Mama alificha?"

"Hakuficha," fundi akasema. "Amekuwekea."

"Na kwenye saba?"

"Yote."

"Na kumi?"

Hapo nikajibu mimi. Nilikuwa nimekuja na moja la kumi begani, kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Nikampa ashike upindo mwenyewe. Alipima kwa vidole vyake, vidogo vile, akafika vinane ndipo upindo ukaisha.

"Hili litafika miaka mingapi?"

"Hilo sasa halituhusu sisi mafundi," binti akasema. "Linategemea wewe unakula nini."

Mama Pacha akacheka. Chiriku hakucheka. Alinigeukia mimi, na nikajua swali kabla halijatoka.

"Lakini zitaisha, mjomba?"

Ningeweza kusema haziishi. Wanawake wote wawili walikuwa wananiangalia. Nikasema, "Zitaisha. Siku moja utakuwa mrefu kunipita, na hakuna upindo utakaotosha. Siku hiyo utakuwa unajua kushona. Na mimi nitakuwepo."

Akawaza. Akainamia tena zile nyuzi, akavuta upande uliobaki.

Fundi alisema anaweza kuuficha ule mstari wa rangi mbili kwa utepe. Chiriku akakataa. Sasa gauni linashuka chini ya magoti, na lina mkanda mpya chini. Malipo fundi hakutaka, akataka niache kumnunia nikipita.

Njiani kurudi Chiriku alimwambia Mama Pacha kwamba pini haziwekwi mdomoni, unaweza kumeza. Akaongea mpaka mlangoni. Sikumbuki yote, nilikuwa nyuma nimeshika mwavuli, sioni vizuri.

Jumatatu, 4 Mei

Mayai mawili. Hakuomba la tatu, na la pili alilibakiza nusu. Sijasema kitu. Mama Pacha amenikataza kumhesabia vijiko.

Jumamosi, 9 Mei

Manyunyu tu. Amekula kwa akina Mama Pacha. Nimekwenda kushukuru, nikaambiwa nikae nile na mimi, nikala.

Jumatano, 13 Mei

Nimetoka kazini jana nikakuta kabati limevurugwa. Alikuwa amepanda kigoda juu ya meza, ameteremsha magauni yote, anawaonesha pacha wale pindo moja moja. Aliyarudisha mwenyewe: la kumi limelaliana na la nane, la tisa liko na soksi. Mkono wangu ulikuwa unawasha kuyapanga. Niliuweka mfukoni.

Jumatatu, 18 Mei

Zahanati. Kilo mbili zimerudi. Nesi akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimefundishwa na majirani.

Tajiri amenikata mshahara kwa ile siku niliyoacha stoo wazi. Ana haki.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua zimekwisha. Wiki nzima sasa jua linawaka, nguo zinakauka kabla ya adhuhuri.

Jana nilikuwa nanyoa ndevu uani. Chiriku akaja amevaa lile la njano, mikono ameinyanyua kidogo kama mtu aliyefungwa kamba. Mbavuni fundi alikwisha kulifungua wiki iliyopita, na chini hakuna kilichobaki cha kufungua. Vifungo viwili vya mgongoni vilikuwa havifiki.

"Mjomba, limenibana."

Niliendelea kunyoa. Niliogopa nikisema neno nitaharibu.

"Limenibana hapa na hapa. Nataka la saba."

Nikauliza lipi, nikijifanya sijali, povu likinishuka shingoni.

"La bluu. Lile la vifungo."

Tukaenda chumbani. La bluu lilikuwa kwenye rafu ya nne, mwenyewe ndiye aliyelitupa huko, chini ya yale ya kumi. Nikataka kulichukua. Akasema hapana, atachukua yeye. Nikasogeza kigoda, akasema hakitoshi. Basi nikamshika kiunoni nikamnyanyua juu ya kichwa changu, akapekua bila haraka yoyote, akilitoa hili akilirudisha lile, akinieleza kila moja lina vidole vingapi. Mikono ilinitetemeka. Sikumwambia afanye upesi.

Mtoto amekuwa mzito huyu. Mgongo unaniuma mpaka sasa hivi ninapoandika.